Masaji ya Kiswidi au ya Kithai?

Ukishinda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, ukibeba matenga ya samaki, jioni mgongo unadai chake. Kwenye masaji ya Kiswidi unapakwa mafuta, unachuliwa taratibu. Mwili unalegea, usingizi unakuja wenyewe.

Ya Kithai, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2019, haina mafuta. Unabaki na nguo, unalazwa kwenye godoro jembamba sakafuni. Mkandaji anakubana kwa vidole gumba, viwiko, hata magoti, kisha anakuvuta miguu utadhani anakung'uta mkeka. Viungo vilivyokakamaa vinaachia. Kwa kiuno cha mbebaji, mimi nachagua hii.

Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe popote: huenda damu imeganda mshipani. Hospitali kwanza.