Ratiba mpya ya mwaka wa kwanza: somo moja nimelisoma mara mbili

Niseme mapema kwamba mimi si mwaka wa kwanza. Niko mwaka wa pili na nilikeri somo moja, Takwimu, yaani nililifeli mwaka wa kwanza na kulirudia mwaka wa pili, ndiyo maana najiona nina haki ya kuisema hii ratiba mpya. Kwa ratiba ya zamani nilianguka, kwa ratiba mpya nimefaulu. Mwalimu yule yule, notsi zile zile, ukumbi ule ule wenye feni mbili zinazozunguka kwa kusitasita. Chuo sikitaji, kipo Tanga mjini, inatosha.

Zamani ilikuwa hivi. Jumatatu saa moja asubuhi tuna Stadi za Mawasiliano, tukitoka hapo hakuna kitu hadi saa nane mchana, ndipo Takwimu inaanza na haiishi mpaka saa kumi na moja. Mimi nimepanga Pongwe. Kurudi geto halafu nije tena ni nauli mara mbili, na bumu lenyewe, pesa ya mkopo, lilikuwa halijaingia, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda Bustani ya Jamhuri kutazama meli na kula mihogo. Ukirudi darasani Januari ile, joto la kaskazi limekukamata, shati limeganda mgongoni. Daftari la wakati ule bado ninalo. Kila Jumatatu ukurasa wa kwanza una mwandiko wa mtu mwenye nia. Wa tatu herufi zimeshatoka nje ya mistari. Wa nne una kichwa cha habari tu, umepigiwa mstari vizuri, chini yake peupe.

Semina yake ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Usichokielewa Jumatatu unakwenda kukiuliza Ijumaa, na hapo umeshasahau hata ulichokuwa hukielewi. Wenzetu wa Muheza saa hizo walishapanda gari zao. Tunabaki watu wanane, mwalimu anauliza "kuna swali?", tunatazamana.

Wapo watakaosema mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ajipange. Sawa. Ila mimi nilitoka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hisabati niliziaga kidato cha nne. Kidato cha sita nilikuwa na masomo matatu makubwa na kengele inayoniambia niende wapi. Muhula wa kwanza wa chuo ukanipa masomo sita, na testi nne zikaangukia wiki moja. Kwetu kosiweki, yaani testi na kazi za muhula, ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Kosiweki nikapata 17. Mtihani ukaja, nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu nayo ikanishinda.

Mwaka huu wamepangua kila kitu kwa mwaka wa kwanza. Takwimu sasa ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Siku mbili kati ya hizo, semina inafuata pale pale, kwa makundi ya watu thelathini, na kundi lako ndilo unalokwenda nalo kwenye masomo yote. Hili la kundi nililidharau, kumbe ndilo lenye faida kubwa. Wiki ya tatu nilikosa siku moja, nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua jina: "Kaka, leo haupo, unaumwa?" Mwaka uliopita ningeweza kupotea mwezi mzima na asijue mtu zaidi ya mama mwenye nyumba.

Jambo jingine, wiki mbili za mwanzo hakuna testi wala asaimenti yenye alama. Hili limewaokoa wengi, maana majina ya mkopo yanatoka kwa awamu na wengine hufika wiki ya pili na begi mkononi. Testi nazo zimetawanywa, hazizidi mbili kwa wiki. Kosiweki yangu safari hii ni 28.

Mwalimu alitusimulia kwamba Victoria University ya Melbourne, Australia, tangu 2018 wamekwenda mbali zaidi: mwaka wa kwanza anasoma somo moja tu kwa wiki nne, akimaliza anaingia jingine. Colorado College ya Marekani wana mpango wa namna hiyo tangu 1970. Darasa zima likaguna kwa kutamani. Mimi sikutamani. Malaria ikikulaza wiki moja hapo, robo ya somo imekwenda. Mvua za masika zikikata barabara siku tatu, je? Hii yetu ya katikati inanitosha.

Sasa ubaya wake. Saa nzuri za asubuhi wamepewa wadogo zetu, sisi wa mwaka wa pili tukasukumwa jioni, na ukumbi wa saa kumi na moja una mbu hasa. Anayetoka mbali naye anakuja siku tatu kwa somo ambalo zamani lilimgharimu nauli ya siku moja. Lakini lililoniumiza mimi ni kwamba waliopanga ratiba hawakuwafikiria wenye keri. Semina ya Takwimu ya Jumatano inagongana na Uhasibu wa mwaka wa pili, kipindi pekee tulichobakiziwa asubuhi. Nilipokwenda ofisini nikaambiwa ratiba ile ni ya mwaka wa kwanza, mimi nijipange. Nikajipanga kwa kumpa rafiki yangu simu anirekodie Uhasibu, nikawa nausikiliza ndani ya daladala ya Pongwe, mwalimu anaeleza uchakavu wa mali na konda anapiga kelele tusogee nyuma.

Naipa nyota nne. Ukiwa na keri kama mimi, nenda ukaombe kubadilishiwa kundi wiki ya kwanza, kabla orodha hazijabandikwa ubaoni. Mimi nilikwenda ya nne. Kundi la Alhamisi lilikuwa limeshajaa, na nafasi ya mwisho alikuwa ameichukua mwenzangu wa keri tuliyekaa naye Jamhuri mwaka jana.