Leza ya dayodi au ya kaboni dioksidi: uanze na ipi?

Ukikuta mashine zote mbili za kunakshi kwa leza kwenye karakana ya jamii, usichague kwa ukubwa. Angalia kwanza umeshika nini mkononi.

Kama ni plaiwudi, ngozi au mwiko wa mbao, leza ya dayodi (kijenzi kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga) inatosha kabisa. Mwanga wake wa buluu, wenye urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 450, huunguza mbao na kuacha mistari ya kahawia iliyokolea. Huenda taratibu zaidi, na kwa anayejifunza naona hiyo ni faida: anaona kila mstari ukitokea. Mgeni ningemwanzisha hapo.

Kwenye akriliki angavu (plastiki inayopitisha mwanga kama kioo) na kioo mambo hubadilika. Mwanga wa buluu hupenya tu bila kuacha alama, labda uso upakwe rangi kwanza. Hapo inatakiwa leza ya kaboni dioksidi, yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 10.6, ambayo nyenzo hizo hufyonza. Glasi ya chai hutoka na nakshi nyeupe. Ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo, kwa sababu joto limeutia uso nyufa ndogo mno. Mrija wake wa kioo hupozwa kwa maji, kwa hiyo hakikisha yanazunguka kabla ya kuwasha.

Kwa zote mbili, miwani ya kinga huchaguliwa kulingana na urefu wa mawimbi ya leza husika. Na plastiki ya PVC isiingie kabisa: ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayodhuru mapafu na kutafuna vyuma vya mashine.