Kipindi cha tafakari ya asubuhi: habari za siku mbele ya Maandiko

Kipindi hiki cha redio moja ya kanisa jijini Dar es Salaam huchukua habari iliyotawala siku na kuisoma sambamba na Biblia. Kilipozungumzia jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, mhubiri hakuwatafutia marehemu dhambi, bali alifungua Luka 13, ambapo Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kukana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha akawauliza wenye nyumba na mafundi wao kama wanaikumbuka Kumbukumbu la Torati 22:8, inayoagiza dari ijengewe ukuta ili mtu asianguke. Mahubiri yanayofika hadi kwenye saruji na nondo ni machache, nami niliyafurahia.

Mafunzo yanayotokana na maisha ya kila siku, kama vile foleni ya daladala, ni mepesi mno: subira hutajwa, wimbo hupigwa, basi. Matangazo ya biashara yanayoingizwa kabla ya sala nayo yanakera. Hata hivyo ninakipendekeza, hasa siku ambazo taarifa ya habari ni nzito.