Beta dume akae na nani? Orodha yangu kwa wanunuzi wa Mwanza

Fahari wawili hawakai zizi moja, na beta madume wawili, samaki wadogo wa mapambo wenye mapezi marefu, hawakai hata ndoo moja. Ndiyo maana muuzaji humweka kila mmoja kwenye kikopo chake. Nilipomchukua wangu wa kwanza kumpeleka nyumbani Nyegezi, muuzaji aliniongezea gapi watatu, samaki wadogo wa tangini, mfukoni: "Hawa wapole, watamchangamsha." Asubuhi yake gapi dume, yule mwenye mkia wa rangi ya chungwa, alikuwa amebaki na kisiki. Mkia mpana na rangi kali, kwa beta huyo ni mpinzani tu.

Kwao ni Thailand na nchi jirani, kwenye mashamba ya mpunga na maji yaliyotulia. Akikasirika hufunua vifuniko vya matamvua vikasimama kama kola ya shati. Ila hawalingani ukali. Kabla hujamnunulia mwenza, mwekee kioo cha kujitazamia nje ya tangi kwa dakika moja. Akitunisha mashavu kidogo kisha akaondoka, jaribu. Akikishambulia kioo bila kuchoka, mwache peke yake kwenye lita 20 zake, upweke haumsumbui. Wa kuishi na wenzake aanzie lita 40, na majani ya kujifichia yawe mengi.

Namba moja kwangu ni konokono aina ya neriti. Anakwangua mwani kwenye kioo, hana mapezi ya kumchokoza mtu, na mayai yake hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatakujazia tangi. Konokono wakubwa wenye pembe ndefu wana shida: beta hudhani pembe ni minyoo, anazidonoa. Ila neriti mnunue dukani. Usiende kuokota ufukweni, maana baadhi ya konokono wa ziwa letu la Victoria ndio wanaobeba kichocho, na wewe ndiye utakayetumbukiza mkono humo kila wiki.

Namba mbili, koridora, kambare wadogo wa tangini. Wengi huwatanguliza samaki wa rangi, mimi siwatangulizi kwa sababu ya umeme. Ukikatika usiku wa manane pampu inanyamaza, hewa majini inapungua. Beta ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, huja anapiga funda anashuka. Koridora naye hupanda mbio, anameza hewa na kuitumia kupitia utumbo. Halafu yeye ni wa chini na beta ni wa juu, hawakutani sana. Nunua sita, tangi liwe lita 60, na mchanga uwe laini. Kokoto kali humharibu sharubu.

Namba tatu ni rasbora, samaki wadogo wenye pembetatu nyeusi ubavuni. Sita au zaidi. Wakiwa wachache wanaishi kwa hofu. Neoni, samaki wadogo pia, wanafuata, ingawa wao hupenda maji ya baridi kidogo kuliko beta, anayetaka nyuzi 25 hadi 27. Hapa kwetu usiku wa Juni na Julai utahitaji hita.

Uduvi wadogo? Nunua ukijua huenda umenunua kitoweo.

Gapi dume, hapana. Samaki wa dhahabu, hapana, ni wa maji baridi na anachafua sana. Babi wenye milia ndio kabisa, wanakatakata mapezi kama mchezo.

Kishawishi chetu hasa ni furu, samaki wadogo wa ziwani, kwa kuwa unampata bure: watoto wanamkinga na chandarua ufukweni, wanakuletea kwenye chupa. Mzuri, nakubali. Lakini dume la furu hulinda eneo lake kwa meno, na mapezi marefu ya beta yatakuwa matambara kabla ya wiki kuisha. Na ukichoka na samaki wa dukani, usimmwage ziwani. Sangara alipandikizwa humu miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zikatoweka miaka ya 1980. Tunajua mgeni anavyoweza kugeuza nyumba.

Siku ya kuwaweka, tanguliza wenza na beta aingie mwisho, asije akajimilikisha tangi zima kwanza. Maji ya bomba yatoe klorini kwa dawa yake.

Wangu wa sasa ni wa buluu, anaishi na neriti wawili. Mmoja hupenda kulala ubavuni mwa hita. Beta humzunguka, humtazama, anatunisha shavu moja, kisha anaenda zake.