Riflekta ipi ununue: ya bodaboda, ya kazi za barabarani na ya mwenda kwa miguu

Wengi wetu tukifika dukani tunachagua riflekta kwa rangi. Anza na ule mkanda wa kijivu. Njano kali au chungwa hung'aa mchana kwa sababu kitambaa hugeuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Jua likizama, rangi haina tena msaada mkubwa. Usiku kazi inabaki kwa mkanda. Mingi ina punje ndogo sana za kioo zinazorudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka, yaani kwa dereva. Gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kuonekana mapema ndiko kunakompa dereva nafasi ya kushika breki.

Usilipe kabla ya kuupima. Omba riflekta itundikwe kwenye kona yenye giza, rudi nyuma hatua kumi, weka tochi ya simu kando ya jicho lako na uimulike nguo. Mkanda mzuri unawaka mweupe. Ukibaki wa kijivu vilevile, ni pambo, mrudishie mwenye duka. Tochi isikae kiunoni, maana mwanga utarudi kiunoni.

Namba moja kwa watu wengi, bodaboda wakiwemo, ni kizibao cha daraja la 2. Ndani tafuta lebo yenye EN ISO 20471 (kiwango cha kimataifa kinachopanga nguo za kuonekana kwa madaraja, la 1 hadi la 3) na tarakimu 2 kando ya mchoro wa kizibao, kisha ukipime kwa tochi hata hivyo, kwani lebo inachapishwa na yeyote. Mimi nachagua chenye mikanda inayozunguka kiwiliwili chote na mingine inayopanda mabegani, na zipu badala ya kamba, kwa sababu kizibao kinachopepea wazi hakimsaidii anayekuja mbele yako. Dereva wa boda akumbuke jambo moja: abiria akishapanda, mgongo wako umefichika. Bandika mkanda nyuma ya helmeti, na abiria naye avae chake.

Kwa anayefanya kazi za lami usiku, kizibao pekee hakitoshi. Anahitaji daraja la 3: koti lenye mikono, au kizibao pamoja na suruali yenye mikanda. Tena asinunue mwenyewe. Sheria za usalama kazini za Tanzania (2003) na Kenya (2007) zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Namba mbili, na kwa mwanafunzi anayetoka alfajiri naiweka juu kabisa, ni vikuku vya kuakisi vya kufunga miguuni. Miguu inapotembea, mwanga unapanda na kushuka, na dereva anatambua haraka kwamba yule ni mtu, si kigingi. Mkoba wa shule haufuniki vifundo vya miguu.

Mwisho kabisa naweka vizibao vyepesi vya bure vyenye maandishi makubwa mgongoni. Maandishi yanakula eneo la kung'aa, na mkanda wake mara nyingi hauvuki jaribio la tochi.

Ukishanunua, fua kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha nguo, uanike kivulini, na pasi isiguse mkanda. Rangi ikipauka, nunua kingine hata kama mkanda bado unawaka.