Vitabu vya askari wa Vita vya Pili vya Dunia: ununue kipi kwanza?

Ukitaka kukusanya vitabu vya jalada laini vilivyochapwa kwa ajili ya askari, achana kwanza na majina makubwa. Mimi ningenunua kwa mpangilio huu.

Namba moja ni Armed Services Editions za waandishi waliosahaulika. Kati ya 1943 na 1947 Wamarekani walichapa zaidi ya vitabu 1,300 vya aina hii, jumla ya nakala karibu milioni 123, wakawagawia askari wao bure. Vingi vilipita kwenye mitambo ya majarida, viwili viwili, kimoja juu ya kingine, kisha vikakatwa katikati. Ndiyo maana upana umezidi urefu, maandishi yako safu mbili, na kitabu kizima kinaingia mfuko wa sare. Riwaya za upelelezi na za wachunga ng'ombe wenye bastola ndizo za kuanzia, maana hazigombaniwi sana. Kabla ya kulipa, omba picha ya pini za mgongoni. Kutu ikishaila karatasi, kurasa huanza kuchomoka. Karatasi kuwa ya kahawia si neno, ilikuwa duni tangu mwanzo. Inayomeguka kingo iache.

Namba mbili, vitabu vya kampuni ya uchapishaji ya Penguin vya Forces Book Club, yaani klabu ya vitabu ya wanajeshi, Uingereza, 1942 hadi 1943. Ni vitabu tofauti 120 tu, na kuvipata ni kazi. Hapa wauzaji huchanganya mambo, wengine kwa makusudi: Penguin za kawaida za wakati huo zilikuwa na tangazo la kumwomba msomaji aache kitabu posta kiwafikie wanajeshi. Tangazo hilo peke yake halikifanyi kitabu kuwa cha klabu. Usilipie bei ya klabu.

Tatu, Overseas Editions za 1945. Hizi zililenga raia wa Ulaya iliyokombolewa, ila ni ndugu wa karibu, na ziko hata za Kifaransa.

Mwisho kabisa, toleo la askari la The Great Gatsby, riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald. Zilichapwa nakala 155,000, nyingi kuliko zilizouzwa Fitzgerald akiwa hai, kwa hiyo unacholipia hapo ni jina zaidi ya uadimu.

Ukiagiza, mwambie muuzaji akibane kitabu kati ya makadibodi mawili magumu, asikifunge kwa raba. Raba hukata kingo za jalada.