Kuhamishia simu za ofisi kwenye intaneti: njia nne, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Wenye biashara wengi wanaotaka kuachana na laini za shaba, yaani laini za zamani za simu za waya, huanza kwa kulinganisha bei za watoa huduma, ilhali jambo la kupimwa kwanza ni intaneti yao wenyewe. Kasi huwa si tatizo kubwa, kwa sababu simu moja inayotumia kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, yenye sauti sawa na ya laini ya kawaida, huhitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, na simu kumi za wakati mmoja hazifikishi megabiti moja. Kinachoharibu mazungumzo ni intaneti isiyotulia. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, linaonyesha kwamba sauti isiyochelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja haisumbui mazungumzo mengi. Pakiti nazo, yaani vipande vya data vinavyobeba sauti, zikianza kupotea kwa zaidi ya asilimia 1, maneno hukatika. Pima saa za kazi, kwa waya badala ya Wi-Fi, wakati wenzako wanatuma mafaili makubwa. Matokeo yakiwa mabaya, hakuna chaguo lolote hapa chini litakalokufaa.

Nafasi ya kwanza naipa huduma ya wingu, ambamo mtambo wa simu, unaopokea simu na kuzigawa kwa namba za ndani, hukaa kwenye seva za mtoa huduma na ofisi hubaki na simu za IP (zinazopita kwenye intaneti) za mezani au programu kwenye kompyuta. Huhitaji fundi wa kudumu, mfanyakazi mpya hupewa namba yake ya ndani kwa muda mfupi, na umeme ukikatika ofisini, simu zinazoingia zinaweza kuelekezwa kwenye simu za mkononi. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hutozwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, hivyo hata simu ya ghalani inayolia mara chache hulipiwa kama ya mapokezi. Kabla ya kutia saini, uliza kama kuna kiwango nafuu kwa simu za namna hiyo, kama rekodi za mazungumzo unaweza kuzichukua ukiondoka, na mkataba unavunjwaje.

Ya pili ni kuunganisha mtambo ulionao na intaneti kwa njia ya SIP, utaratibu wa kuanzisha na kukata simu kwenye intaneti. Hapa mara nyingi hulipii vichwa bali idadi ya simu za wakati mmoja, jambo linaloinufaisha ofisi ya watu 40 ambamo ni nadra watu zaidi ya wanane kuzungumza kwa pamoja. Mtambo wako ukiwa mzima na bado unapata vipuri, mimi ningeitanguliza njia hii mbele ya wingu bila kusita. Ukiwa wa zamani usioijua SIP, utahitaji kifaa cha kubadilisha mawimbi, na hesabu ya akiba inaweza kugeuka.

Ya tatu ni kuweka seva yako mwenyewe, kwa mfano kwa kutumia Asterisk, programu huria ya mtambo wa simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Programu ni ya bure, lakini kazi ya kuitunza si ya bure. Seva iliyoachwa wazi kwenye intaneti na nywila dhaifu hutafutwa na wezi kwa mashine, nao huitumia usiku kupiga namba ghali za nje, kisha bili inakuja kwako. Weka ukomo wa matumizi na ufunge nchi usizopiga. Tahadhari hiyo inazifaa hata njia mbili zilizotangulia.

Programu za simu za mkononi peke yake naziweka mwisho. Zinawatosha watu wawili au watatu, basi.

Linalosahaulika mara nyingi ni vifaa vingine vilivyoning'inia kwenye laini ya zamani, kama vile faksi, kengele za wezi, simu ya dharura ya lifti na mashine za kadi. Viorodheshe vyote, kwani baadhi havifanyi kazi vizuri kupitia intaneti hata vikiwekewa adapta. Laini ya shaba ilibeba umeme wake. Simu ya IP haina, kwa hiyo ruta, swichi na simu zenyewe zinahitaji betri ya akiba. Uliza pia simu ya dharura itaonyesha anwani ipi, hasa ikiwa wafanyakazi hupiga simu wakiwa nyumbani. Sauti ikisikika upande mmoja tu, zima kwanza kipengele cha SIP ALG kwenye ruta (hubadilisha data za SIP zinazopita humo) kabla ya kumlaumu mtoa huduma.

Mwisho, acha laini ya zamani iendelee kulipiwa mpaka namba zako zote zihame na zijaribiwe, kwa kuwa namba ambayo mkataba wake umeshafungwa huenda isiweze kuhamishwa tena.